Kumuuguza paka mzee kwa pesa kidogo: mwongozo kamili

Nilimnyanyua Tausi, paka wangu, kumtoa kitini, nikahisi pingili za mgongo zikipita kiganjani kama tasbihi. Alikuwa na miaka 14. Kwa macho hakuonekana amekonda, manyoya yalimsitiri. Chakula alikuwa akila, maji akinywa, tena mengi kuliko zamani, na mimi nikajisemea ni joto tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sijaona mficha maradhi kama paka.

Pesa yangu ya kwanza niliitupa: dawa ya maji ya vitamini, dawa ya minyoo, na sindano ambayo hadi leo sijui ilikuwa ya nini. Vyote hivyo bila kipimo hata kimoja. Nilipokuja kumpima, kumbe ni figo, na mfuko umeshakuwa mwepesi. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya mtu aliye pale nilipokuwa: paka ana miaka kumi na kitu, kuna jambo haliko sawa, na pesa iliyopo inatosha jambo moja, si matatu. Nilichojifunza ni kwamba kila unachotoa kinunue jibu, au kimwondolee mnyama mateso. Kisichofanya hata moja, kiache dukani.

Hatua ya 1: Je, anaweza kusubiri?

Kabla ya hesabu zozote, mtazame. Yapo mambo ambayo hayangoji mwisho wa mwezi, hata kama ni ya kukopea:

- Dume anaingia chooni kila mara, anachuchumaa, anajikamua, mkojo hautoki au yanatoka matone. Njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Wengi hudhani amefunga choo, wakampa mafuta, wakalala.
- Anahema mdomo ukiwa wazi, au tumbo linapanda na kushuka kwa nguvu akiwa amelala.
- Miguu ya nyuma imekufa ghafla, ni ya baridi, naye analia. Mara nyingi ni donge la damu limeziba mshipa.
- Amepofuka ghafla, mboni zimetanuka hata kwenye mwanga. Kwa paka mzee mshukiwa wa kwanza ni presha.
- Degedege, fizi nyeupe kama karatasi, au rangi ya njano kwenye masikio na macho.
- Hajala kabisa tangu jana.

Hilo la mwisho watu hulipuuza. Mbwa anaweza kususa siku mbili ukasema ni deko. Paka akikaa bila chakula siku mbili tatu, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulisonga. Hapo unakuwa na maradhi mawili ya kugharimia. Saa 24 bila kula kitu ni saa ya kumpigia daktari simu.

Hatua ya 2: Daftari na mizani

Kama hakuna dharura, usikimbilie kliniki leo. Jipe siku tatu za kuandika. Daktari mwenye taarifa nzuri huhitaji vipimo vichache, na hapo ndipo pesa inapookolewa.

Uzito kwanza. Panda kwenye mizani ya watu ukiwa umembeba, halafu panda peke yako, toa. Mizani hiyo hukosea kwa gramu mia moja au zaidi, kwa hiyo rudia mara tatu uchukue wastani. Ukipata ya kupimia watoto wachanga ni bora zaidi. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 400 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Jifikirie wewe umepungua kilo saba bila kutaka.

Maji: weka bakuli moja tu, pima kwa kikombe chenye alama za mililita asubuhi, pima yaliyobaki kesho yake. Anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya mwili kwa siku ana ugonjwa, hapana mjadala. Hata chini ya hapo, kama kiasi kimepanda mara mbili ya kawaida yake, andika.

Pumzi: akiwa amelala fofofo, hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni sawa. Zikizidi hapo na zikaendelea hivyo siku baada ya siku, moyo au mapafu yana neno.

Andika pia amekula nini, ametapika mara ngapi, choo kigumu au laini, mabonge ya mkojo kwenye mchanga ni mangapi na makubwa kiasi gani. Chochote cha ajabu, kama kikohozi au kuchechemea, kirekodi kwa simu. Paka akifika kliniki hujikunyata akawa sanamu, na daktari haoni ulichokiona nyumbani.

Ukitazama daftari lako, mara nyingi njia inaanza kuonekana. Kiu na kukonda huelekeza kwenye magonjwa matatu makubwa ya uzee wa paka. Wa figo huchagua chakula, hunuka mdomo, hutapika asubuhi. Wa tezi ya shingo hula kama hajaona chakula mwaka mzima na bado anakonda, hatulii, hulia usiku. Wa kisukari naye hula sana, kisha miguu ya nyuma inalegea hadi anatembea kwa visigino. Anayeukimbilia mlo kisha anaudondosha, anainamisha kichwa upande mmoja au anadondosha ute, mtazame meno. Usijipe udaktari kwa haya. Kazi yake ni kusaidia kuchagua kipimo cha kwanza.

Hatua ya 3: Kliniki, na maneno ya kusema

Aibu ya pesa iache mlangoni. Sema mwanzo kabisa, kabla paka hajatolewa kwenye kikapu: "Daktari, leo nina kiasi hiki, hakizidi. Kipimo gani kimoja kitabadilisha matibabu yake?" Daktari mzuri hakasiriki, hupanga. Na kwa kila kitakachopendekezwa uliza: majibu yakiwa hivi tutafanya nini, yakiwa vile tutafanya nini? Kama njia zote mbili zinaishia kwenye dawa ileile, kipimo hicho kinaweza kungoja.

Kipimo cha bei nafuu kinachosema mengi ni mkojo, nao unaweza kwenda nao mwenyewe. Osha beseni lake la choo, suuza sabuni yote iishe, weka vipande vya mfuko safi wa plastiki badala ya mchanga, umfungie chumbani usiku. Asubuhi vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, weka kwenye chombo safi, peleka mapema. Daktari atapima uzito wa mkojo, yaani ulivyokolea ukilinganisha na maji: kwa paka, figo nzima kwa kawaida huukoleza kufikia 1.035 na zaidi. Mkojo mwepesi kwa paka anayekonda unaweza kuwa dalili kwamba figo zimeanza kuchoka, na hulisema hilo mapema, kwa kuwa kreatinini (taka ambayo figo huichuja) kwenye damu kwa kawaida haipandi mpaka takriban robo tatu ya uwezo wa figo imekwenda. Sukari kwenye mkojo huonekana papo hapo kwa kijiti. Vijiti vya watu ni sawa kwa sukari, lakini sehemu yake ya chembe nyeupe na ya uzito wa mkojo haiaminiki kwa paka, usihangaike nayo.

Pesa ikiruhusu damu, omba kreatinini, sukari, na wingi wa chembe nyekundu. Homoni ya tezi ya shingo iongeze kama anakula sana na kukonda. Presha ipimwe kama mashine ipo. Picha za eksirei na ultrasaundi nisingezigusa kwanza, ila kama daktari amepapasa tumbo akakuta uvimbe.

Mengine ya kuuliza kabla ya kutoka:

Akuandikie dawa kwa jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni, ununue kwingine kama ni rahisi. Dawa kadhaa za paka wazee ni zilezile za binadamu kwa kipimo kidogo, kama amlodipini ya presha na vidonge vya kutuliza tezi ya shingo. Kipimo lakini aandike yeye, wewe ukate tu. Nunua ya wiki mbili kwanza. Kopo kubwa ni rahisi kwa kidonge, lakini Tausi alitapika dawa yake ya kwanza mpaka ikabadilishwa, na kopo lote lilibaki kabatini.

Uliza kama kuna kulipa kwa awamu, kama ufuatiliaji unaweza kuwa kwa simu ukimtumia uzito na video, na kama karibu kuna chuo kinachofundisha udaktari wa wanyama. Kliniki za vyuo mara nyingi hutoza kidogo, ingawa utakaa foleni na wanafunzi watamshika shika.

Hatua ya 4: Vya nyumbani vinavyoua

Hapa nitasisitiza, maana pesa ikikata, mkono huenda kwenye kabati la dawa.

Parasetamoli humuua paka. Si kipimo kikubwa tu, hata kidonge kimoja. Ini lake halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinakuwa za kahawia au buluu, uso unavimba. Aibuprofeni na diklofenaki huharibu figo na tumbo, na kwa mzee mwenye figo dhaifu ni kummalizia. Aspirini hukaa mwilini mwake siku kadhaa, kwa hiyo kipimo cha leo kinakutana na cha jana.

Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini humtia paka mitetemeko na degedege, hata akiwa amelala tu karibu na mbwa aliyepakwa. Kitunguu na kitunguu saumu, vibichi au vya kupikwa, huvunja chembe nyekundu za damu, hivyo ile dawa ya minyoo ya kitunguu saumu isahau. Maua ya yungiyungi (lily) ndani ya nyumba yaondoe yote, kwani hata chavua anayojilamba kwenye manyoya inaweza kuua figo. Na dawa ya kusafishia tumbo ya binadamu yenye fosfeti, inayoingizwa njia ya haja kubwa, imeshaua paka wengi waliokuwa wamefunga choo tu.

Antibiotiki zilizobaki za mwaka jana nazo, hapana. Hujui zinatibu nini.

Hatua ya 5: Kumlisha asiyetaka kula

Kwa mgonjwa wa figo, chakula maalumu chenye fosforasi kidogo ndicho chenye ushahidi mzuri wa kumwongezea siku. Ni ghali. Ukiweza, kianze taratibu kwa wiki mbili tatu, ukichanganya na cha zamani. Asipokitaka, acha. Chakula chochote cha paka kilichoingia tumboni kinashinda chakula bora kilichobaki kwenye bakuli. Njia ya kati ni chakula cha kopo cha kawaida: karibu robo tatu yake au zaidi ni maji, wakati cha punje kavu kina kama sehemu moja ya kumi tu. Hata hicho kikavu ukikiloweka kwa maji ya uvuguvugu umeshafanya jambo.

Kuku wa kuchemsha bila chumvi wala viungo anafaa kwa siku mbili tatu za kurudisha hamu. Akiwa ndiye mlo wa kila siku, paka anakosa kalisi na virutubisho vingine, na pole pole unatengeneza ugonjwa mpya. Ini vilevile, dogo tena kwa nadra, kwa sababu vitamini A humrundikia kwenye mifupa. Maziwa huwaharisha wengi.

Sasa namna. Pua ya mzee haishiki harufu kama zamani, na paka asiyenusa hali. Weka kopo dogo la chakula ndani ya bakuli la maji moto mpaka kifikie joto la mwili wake, kama nyuzi 38, koroga, jaribu kwa kidole kisiwe na sehemu ya kuunguza. Sahani iwe pana na bapa ili sharubu zisiguse kuta. Kijiko kimoja, mara tano au sita kwa siku. Inua sahani juu ya kitabu kinene kama shingo inamuuma.

Mtazame anavyofika kwenye chakula. Akija kwa hamu, akanusa, akalamba midomo, akageuka, huyo ana kichefuchefu, haringi. Kubadilisha makopo matano hakutamsaidia, ni kutupa pesa. Omba dawa ya kuzuia kichefuchefu. Kwa Tausi ndiyo iliyoleta tofauti kubwa kuliko zote: alikula siku ileile, amesimama, mkia juu.

Kulisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano ni jambo la daktari kukubali kwanza. Ukiambiwa ufanye: chakula laini kama uji, paka amekaa wima, ncha ya bomba iingie pembeni nyuma ya jino refu, mililita moja, ngoja ameze, ndipo nyingine. Usimlaze chali wala kumsukumia kwa kasi, chakula kitaingia mapafuni. Akipambana, acha. Paka aliyelazimishwa akiwa na kichefuchefu anaweza kukichukia chakula hicho moja kwa moja.

Hatua ya 6: Maji, na dripu ya nyumbani

Weka mabakuli mawili matatu sehemu tofauti, mbali na choo, yajae hadi ukingoni. Ngozi ya shingo ukiivuta kwa mzee haisemi kweli, maana imeshalegea kwa umri. Gusa fizi: zikinata badala ya kuteleza, maji yamepungua.

Mgonjwa wa figo anaweza kuandikiwa maji ya dripu chini ya ngozi. Hapa ndipo bei inaposhuka sana ukijifunza mwenyewe, badala ya kulipia kila ziara. Omba muuguzi akuonyeshe, kisha ufanye wewe mbele yake. Sharti moja: daktari awe amesikiliza moyo, kwa kuwa moyo dhaifu hauhimili maji hayo. Mfuko uwe uleule ulioandikwa, na ule wenye glukosi hauwekwi chini ya ngozi.

Mimi huutumbukiza mfuko kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, najaribu matone kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto. Nauning'iniza juu ya kabati. Paka anakaa kwenye boksi lililotandikwa taulo, kidogo cha kulamba kiko mbele yake. Nainua ngozi kati ya mabega iwe kama hema, sindano mpya inaingia mdomoni mwa hema, sambamba na mgongo. Mara ya kwanza nilitoboa ngozi upande wa pili, nikailowesha sakafu na paka. Dakika chache baadaye kunabaki nundu laini, wakati mwingine inateremka hadi mguuni. Hunyonywa kwa saa kadhaa, usiogope.

Hatua ya 7: Vidonge na insulini

Kidonge kilichomezwa kikavu kinaweza kukwama kooni na kuchoma, hasa cha antibiotiki iitwayo doksisaiklini. Mviringishe taulo, kichwa nje tu, shika kichwa kutoka juu, kiinue pua itazame dari, taya litalegea lenyewe. Dondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, kisha mililita 3 hadi 5 za maji kwa bomba, pole pole kutoka pembeni. Usisage kidonge bila kuuliza. Kingine ni kichungu kiasi cha kumtoa povu nusu saa.

Insulini ina mtego mmoja unaoua: mabomba yake ni ya aina mbili, yenye alama ya U-40 na yenye alama ya U-100, na lazima yalingane na chupa. Usibadilishe kwa sababu dukani kumebaki aina moja. Chakula cha kopo kisicho na wanga mwingi hupunguza mahitaji ya insulini, na wengine huacha kabisa kuihitaji, lakini usibadilishe chakula bila daktari kupunguza kipimo. Akiyumba, akilegea au kutetemeka baada ya sindano, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi, kisha mkimbize.

Hatua ya 8: Mwili wake na nyumba yake

Hii haigharimu karibu chochote. Kata ukuta wa mbele wa beseni la choo ubaki sentimita chache, maana viungo vyenye baridi yabisi haviruki. Paka wengi wazee wanaoitwa wachafu wameshindwa tu kupanda. Mchanga ukiisha, karatasi zilizochanwa zinatosha. Kitanda kiwe chini, mbali na upepo, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo upande mmoja ili aweze kujiondoa.

Kucha za mzee huwa nene na hujikunja hadi kuingia kwenye nyayo. Zitazame kila wiki mbili, ukate ncha tu. Mchane mgongo na nyuma ya mapaja, ambako hafiki tena kujilamba, na mabonge ya manyoya usiyakate kwa mkasi karibu na ngozi, ni rahisi kuchana na nyama.

Maumivu yake hayapigi kelele. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal walichapisha kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa paka: masikio yalivyokaa, macho yalivyobana, mdomo ulivyokaza, sharubu, na kichwa kilipo ukilinganisha na mabega. Kila kimoja hupewa 0, 1 au 2, na jumla ya 4 kwenda juu kati ya 10 inataka dawa ya maumivu. Picha zake ziko mtandaoni bure. Kwa viungo, angalia zaidi ameacha kufanya nini: kuruka dirishani, kunoa kucha, kuja mlangoni.

Hatua ya 9: Siku za kuhesabu

Kwenye kalenda, kila jioni weka alama: nzuri kama alikula, alifika chooni na alikuja kwako au kwenye jua, mbaya kama sivyo. Wiki mbili zikijaa mbaya, kalenda imeshasema, na kipimo kingine cha damu hakitasema zaidi.

Tenga pesa ya kumlaza usingizi wa mwisho mapema, kwenye bahasha isiyoguswa hata kwa dawa. Nimeona watu wakimaliza kila kitu kwenye matibabu ya wiki ya mwisho, paka akaja kufa usiku kucha akihangaika kwa kuwa hakuna kilichobaki. Uliza bei angali mzima kidogo, ukiwa na akili tulivu. Uliza kama daktari huja nyumbani, kama atampa kwanza sindano ya usingizi kabla ya ile ya mwisho, kama unaruhusiwa kumshika muda wote, na mwili utabaki nao au utakwenda nao. Majibu yaandike ukurasa wa mwisho wa daftari, pamoja na namba ya simu ya usiku.